Nukta Mbili Nyekundu

Inspekta aliweka bisibisi mezani, kisha akamfungua fundi pingu kwa mkono wake mwenyewe. Koplo aliyesimama mlangoni alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Afande, hiyo ni bisibisi."

"Naiona."

"Na huyu ni mtuhumiwa."

"Naye namwona. Nilimkamata mimi, umesahau? Funga mlango, vumbi linaingia."

Koplo hakuwa amesahau, na Inspekta ndiye asiyeweza kusahau. Jumamosi alikwenda kwenye kibanda cha fundi huyu wa kompyuta, akamtoa mbele ya wateja, mkewe amesimama na chupa ya chai mkononi asijue aiweke wapi. Wakati ule hakuwa na shaka hata chembe. Watu saba, wengi wao wastaafu, walikuwa wamepigiwa simu na mwanamume mwenye sauti laini aliyejiita ofisa wa usalama wa kompyuta. Aliwajua kwa majina. Alijua kompyuta zao zilitengenezwa lini na fundi gani. Aliwaelekeza waweke programu ndogo ya kumwezesha kuiona skrini yao kutoka alipo, na kabla chai haijapoa alikuwa amewakomba akiba zao. Wote saba walikuwa wateja wa fundi mmoja.

Jana, Jumatatu, fundi akiwa ndani na simu yake ikiwa kwenye droo ya Inspekta, akapigiwa mtu wa nane, muuguzi mstaafu. Naye alikuwa mteja wa fundi yule yule.

Mkuu wa kituo hakubabaika. "Ana mwenzake nje," alisema. Mahakama ilikuwa imeruhusu mtuhumiwa ashikiliwe mpaka Alhamisi saa sita mchana. Ikifika saa hiyo, ama ashtakiwe ama aachiwe, na Mkuu alishachagua. Ilikuwa Jumanne asubuhi.

"Rudia ulichomwambia mlinzi wa mahabusu," Inspekta alimwambia fundi. "Kuhusu spea."

Fundi alisugua vifundo vya mikono. Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, vidole vimejaa alama za kuungua na lehemu. "Mimi spea siweki kibandani, afande. Mtaji huo sina. Mteja akileta kompyuta naenda soko la mitumba, nanunua kinachotakiwa. Pawa saplai nanunua kwa Baba Pawa. Memori kwa Mama Memori. Diski kwa jamaa mmoja tunamwita Mpole. Wote watatu wana madaftari ya waranti. Siku kumi na nne. Usipoandika jina la mteja na namba yake ya simu, waranti huna."

"Kwa nini ya mteja? Si wewe unayenunua?"

"Kwa sababu sisi mafundi ni wezi." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja urefu wake. "Unanunua kitu kizima, unamfungia mteja kibovu, kesho unarudisha kibovu kingine unadai kipya. Kwa hiyo wauzaji wakaweka utaratibu. Wakikutilia shaka wanampigia mteja mwenyewe."

"Na mafundi wote wanaufuata?"

"Wapi! Wanaandika majina ya kubuni na namba zao wenyewe. Mimi naandika ya mteja. Waranti ni ya kwake, mimi nimeifungia tu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alimtazama fundi, akaitazama orodha ya waathirika, kisha akarudi kwa fundi. Katika soko zima, huyu ndiye pekee aliyekuwa akiandika namba za kweli. Ndiyo maana nyayo zote zilielekea mlangoni kwake. Alikuwa amemtia mtu ndani kwa sababu ya uaminifu wake, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Au yeye ndiye anayeyauza hayo majina," alisema Koplo.

"Yawezekana. Ndiyo maana tutapima." Inspekta alichora mistari mitatu kwenye karatasi. "Wauzaji watatu, madaftari matatu. Tunanunua kitu kimoja kwa kila mmoja, na kila mmoja tunampa jina tofauti na namba tofauti. Itakayopigiwa ndiyo itakayotuambia jina limevuja kwa nani."

"Na akishapiga?" aliuliza fundi. "Ataomba umwingize kwenye kompyuta. Akigundua huna kompyuta, anakata, na hiyo laini hataigusa tena."

"Tutatumia ya ofisi."

Koplo alicheka. "Afande, ofisi ina kompyuta tatu. Moja ya Mkuu, hata kuipangusa vumbi haturuhusiwi. Moja ya masjala, ina mafaili ya kesi zote. Ya tatu ilikufa."

"Ilikufa ikazikwa wapi?" aliuliza fundi.

Wote wawili walitazama sakafuni. Kasha la kijivu lililokuwa likizuia mlango wa chumba kile lilikuwa limekaa pale miaka minne, juu yake birika la umeme. Fundi aliinama, akalipiga konzi ubavuni, akasikiliza.

"Bodi ipo," alisema. "Nitaandika vya kununua. Haitafika bei ya jozi ya viatu vya shule."

Mchana huo Koplo alivaa suruali yenye madoa ya rangi na kuingia sokoni akijifanya fundi mgeni mjini. Inspekta alimfuata hatua kumi nyuma, mtandio kichwani na kikapu mkononi, akibagua nyaya kwenye meza za jirani kama mama anayetafuta chaja ya mjukuu.

Baba Pawa alikuwa jitu la kifua kipana lililokaa juu ya daftari lake. Halikusalimia. Koplo alipotaka pawa saplai, alirushiwa moja mapajani.

"Jina la mteja."

"Mama Mapacha," alisema Koplo, akataja namba ya laini ya kwanza.

Baba Pawa aliinua kalio moja, akachomoa daftari, akaandika huku amelikinga kwa mkono asione mtu, akalikalia tena. "Mbona unanichungulia?"

"Sikuchungulii, mzee."

"Ondoka."

Walipokutana nyuma ya kibanda cha redio, Koplo alikuwa anameremeta. "Huyu ndiye, afande. Umeona anavyoficha daftari?"

"Uso mbaya si kosa la jinai, koplo. Twende."

Mama Memori aliweka bidhaa zake ndani ya bati la biskuti. Alizitoa moja moja na kuzinusa, zilizowahi kuungua akazitenga, akampa Koplo moja isiyo na harufu. Daftari lake lilikuwa wazi mezani, na kila mpita njia angeweza kulisoma. Humo aliandikwa Bibi Ushanga, na namba ya laini ya pili.

Wa tatu alikuwa Mpole. Shati lake lilikuwa limenyooshwa likanyooka, na meza yake haikuwa na vumbi. Nyuma yake lilining'inia pazia la buluu, na kwenye rafu diski kumi zilikuwa zikinguruma taratibu juu ya mashine ya kupimia. Alimwita Koplo "ndugu yangu", akampangusia kiti, akamchagulia diski mwenyewe.

"Haitanifia njiani hii?" Koplo alitania.

Tabasamu la Mpole lilizimika. "Ndugu yangu, diski inayotoka hapa nimeipima mimi, kwa mkono huu, mchana kutwa. Ikifaulu naitia nukta moja. Hii nimeitia mbili." Aliigeuza na kuonyesha ubavu wake. Nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha zilikuwa zimekaa pamoja, nadhifu. "Nukta mbili hairudi. Miaka kumi na moja sijarudishiwa."

"Nilikuwa natania tu."

"Ndiyo." Tabasamu likarudi. "Jina la mteja?"

"Bibi Mstaafu," alisema Koplo, akataja namba ya laini ya tatu. Mpole aliiandika kwa mwandiko mzuri wa kulaza.

Inspekta, kwenye meza ya pili, alinunua waya ambao hakuuhitaji.

Jumatano asubuhi fundi alilifungua kasha. Ndani mlikuwa na vumbi zito na mjusi aliyekauka zamani. Fundi alimtoa kwa karatasi kwa heshima zote, akaomba brashi ya rangi na ufutio.

"Ufutio wa penseli?"

"Huo huo."

Karani wa masjala aliutoa kwa shingo upande. Fundi alisugua meno ya memori kwa ufutio mpaka shaba yake ikang'aa, akaisukuma kwenye tundu lake ikalia ta. Alipangusa mafuta ya kupozea yaliyokuwa yamekuwa chokaa, akapaka mapya, kidogo kama punje ya mtama. Kioo kilitoka mahakamani, walikokitupa kwa sababu kilionyesha kila kitu kwa rangi ya kijani. Kibodi haikuwa na kitufe cha K, na aliyeitaka herufi hiyo ilibidi achokoe tundu lake kwa ncha ya kalamu. Inspekta alishika tochi. Hakuwahi kumwona mtuhumiwa akifanya kazi, na aligundua kwamba fundi huyu kila skrubu aliyoifungua aliiweka mahali pake kwenye karatasi, hata zile zilizokuwa na kutu.

"Feni ndiyo tatizo," alisema fundi. "Ina bapa moja limekatika. Dakika thelathini, arobaini hivi, joto litapanda na kompyuta itajizima."

"Nunua nyingine," Inspekta alimwambia Koplo.

"Pesa imekwisha, afande. Iliyobaki ni ya chakula chako cha mchana."

"Ilikuwa. Nilinunulia waya."

Fundi aligusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Feni ilisita, ikazunguka kwa kuchechemea. Kisha kasha likalia, pi, mara moja, na kioo kikajaa mwanga wa kijani.

Koplo alipiga makofi kabla hajajizuia.

Kuvisha kompyuta sura ya bibi kulichukua muda mrefu kuliko kuiunda. Koplo alileta picha za mama mkwe wake, na za kuku wa mama mkwe wake. Fundi aliondoa mpangilio wote kwenye skrini, akatawanya mafaili ovyo. "Bibi gani ana skrini safi?" alisema. Katikati kabisa waliweka faili moja kubwa walilolipa jina PENSHENI YANGU MSIFUTE. Ndani yake mlikuwa na akaunti ya benki isiyokuwepo. Laini tatu za simu zilipangwa mezani, kila moja na karatasi yake, na kinasa sauti pembeni.

Saa tisa alasiri simu ya Bibi Ushanga ililia.

Koplo aliruka. Fundi akaganda. Inspekta alibana koo, akaipokea kwa sauti ya mwanamke wa miaka sabini.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Ni Mama Memori wa sokoni. Fundi wako alichukua memori kwangu jana. Inafanya kazi?"

"Marahaba. Sijui mwanangu, hayo mambo ya vijana. Unataka niwashe, uone huko uliko?"

"Nione nini, mama? Nikiwa huku? Mimi nauliza tu. Kama inalia pi-pi-pi mfululizo, mwambie aisugue na ufutio. Wengine hawajui. Haya, uwe na siku njema."

Akakata. Fundi alianza kucheka, Koplo akafuata, na Inspekta akajikuta naye anacheka mpaka machozi. Walipotulia, kicheko kiliacha chumba kikavu. Simu mbili zilikuwa bado kimya, na zilibaki kimya mpaka jioni.

Alhamisi, saa nne kasoro robo, Koplo alikuwa sokoni na askari wawili waliovaa kiraia, tayari kukaa karibu na Baba Pawa ama na Mpole, kutegemea simu itakayolia. Fundi alikaa kwenye kona ya chumba, mikono magotini. Hakula asubuhi hiyo. Juu ya kaunta ya mbele, faili lake la mashtaka lilikuwa limeshapigwa mhuri.

Saa nne na dakika kumi ililia ya Bibi Mstaafu.

Inspekta alimtumia Koplo neno moja, "Diski", akawasha kinasa, akaweka simu kwenye spika.

"Haloo?"

"Shikamoo bibi." Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyelala vizuri. "Naongea na Bibi Mstaafu? Mimi ni ofisa wa usalama wa kompyuta. Kompyuta yako ilitengenezwa juzi, sivyo?"

"Marahaba baba. Enhe, ilitengenezwa. Umejuaje?"

"Tunaziona zote kutoka hapa, bibi. Yako imeingiliwa na wezi."

Kwenye kona, fundi alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Alipoviondoa, midomo yake ilitamka neno bila sauti: Mpole. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Miaka sita alikuwa amenunua kwa mtu huyo, na kuitwa ndugu.

Inspekta alitikisa kichwa, akaandika kwenye karatasi, akamwonyesha: *Neno lako halitoshi. Ajiseme mwenyewe.* Sauti kwenye simu inaweza kukanwa, na laini kama hizo husajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote. Mtuhumiwa kumtaja mwingine ndiyo kabisa, Mkuu angecheka.

"Wezi!" alilia Inspekta. "Jamani, na picha za kuku wangu zimo humo!"

"Usiogope bibi, nipo. Washa kompyuta, nikuelekeze."

Alimwelekeza kwa subira ya malaika. Inspekta alipoteza miwani, akaipata, akasoma herufi moja moja, akakwama kwenye K na kueleza kwa kirefu habari za mjukuu aliyeing'oa. Ilichukua dakika ishirini na tano kuiweka ile programu. Kisha kishale kwenye skrini ya kijani kilisogea chenyewe, kikapita juu ya kuku, kikaenda moja kwa moja kwenye PENSHENI YANGU MSIFUTE. Alikuwa ameingia mkenge.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mkuu wa kituo aliingia na faili mkononi. "Inspekta, gari la mahakamani..."

Inspekta aliinua kiganja kwa nguvu ambayo hakuwahi kumwonyesha mkubwa wake. Mkuu alinyamaza kwa mshangao. Alitazama kompyuta, akatazama birika lililokuwa sasa sakafuni, akabaki amesimama.

"Nani huyo bibi?" iliuliza simu.

"Baba watoto. Kapoteza soksi. Endelea mwanangu."

"Sasa bibi, nitajie namba ya siri ya benki, niifungie wezi wasii..."

Kioo kikawa cheusi. Feni iliguna mara mbili ikasimama.

"Bibi? Umezima?"

"Imezima yenyewe!" Na safari hii sauti yake haikuwa ya kuigiza.

Fundi alishapiga magoti pembeni ya kasha akilipepea kwa faili la mashtaka alilomchukulia Mkuu mkononi bila kuomba. Akaliwasha upya. Pi. Dakika mbili baadaye kishale kilisogea tena, kikafika nusu ya skrini, na kioo kikafa tena.

Kwenye simu, pumzi ilitoka ndefu. "Bibi, kompyuta yako imechoka leo. Iache ipumzike, nitakupigia kesho."

Kesho fundi angekuwa gerezani. Inspekta alitazama saa, akamtazama mtu aliyepiga magoti akipepea kasha kwa nguvu zake zote. Angemzuiaje mwizi asikate simu? Kwa pesa alishamvutia. Kwa woga angekimbia. Ndipo alipokumbuka tabasamu lililozimika sokoni.

"Usinipigie tena," alisema kwa sauti ya mwanamke aliyechoka kudanganywa. "Naitupa jalalani. Ni hii diski. Mkwe wangu aliniambia, diski ya mtumba ni uchafu."

"Hapana bibi, si diski. Inavyozima hivyo ni joto."

"Ni diski! Inakwaruza kama panya darini. Mbovu, imeoza. Aliyeiuza ni mwizi wa mchana, hajui kazi."

"Bibi." Ulaini ulikuwa umepungua. "Nakwambia diski ni nzima."

"Wewe uko ofisini huko, utaijuaje? Huyo mtu hakuipima kabisa. Kaiokota akaipaka rangi. Leo leo naipeleka sokoni, nasimama katikati, nawaonyesha watu wote: diski mbovu kuliko zote nilizowahi..."

"Nimeipima mwenyewe!" Simu ilipasuka kwa kelele mpaka Mkuu akarudi nyuma. "Mchana kutwa nimeipima! Igeuze uangalie ubavuni, ina nukta mbili nyekundu! Mbili! Miaka kumi na moja sijamtilia mtu nukta mbili kwenye diski mbovu, na hakuna aliyewahi kunirudishia, hakuna, wewe bibi usiyejua hata..."

Alijikatiza katikati. Katika ule ukimya ilisikika mngurumo mdogo wa diski kumi juu ya rafu.

Simu ya pili ya Inspekta ilitetemeka mezani. Koplo alikuwa ameandika: *Nimemsikia mpaka nje ya pazia. Soko zima limemsikia.*

"Asante, Mpole," alisema Inspekta kwa sauti yake mwenyewe.

Kwenye spika pete za pazia zilikwaruza bomba. Kisha sauti ya Koplo, yenye furaha isiyofichika: "Habari za kazi, ndugu yangu?"

"Nzuri," alijibu Mpole kwa mazoea.

Inspekta alizima kinasa. Mkuu alikuwa wa kwanza kusema. "Hizo nukta. Zipo?"

Fundi alifungua skrubu mbili, akaivuta diski, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mkuu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. Nukta mbili za rangi ya kucha zilikuwa zimekaa pamoja, nadhifu.

"Daftari lake lina namba ya Bibi Mstaafu, na haipo popote pengine duniani," alisema Inspekta. "Na wale wanane wamo humo humo, nina hakika. Baba Pawa hana kosa ila utovu wa adabu. Nataka saini ya kumwachia huyu, mkuu, sasa hivi."

Mkuu alitafuta faili lake mkononi, akakumbuka lilipo. Fundi alimrudishia, limekunjika kwa kupepea. Mkuu alilinyoosha juu ya goti, akaligeuza upande wa nyuma, akatia saini ya kumwachia. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kamili. "Mpeni gari," alisema.

"Hapana," alisema Inspekta. "Nitamsindikiza kwa miguu."

Walipita barabara ile ile aliyomtoa nayo Jumamosi, saa ile ile ya watu wengi, yeye akiwa amevaa sare na fundi akiwa hana pingu. Mbele ya kibanda walikuwa wamekaa wateja watatu, na mke wa fundi alikuwa akiwaeleza kwa mara ya mia kwamba hajui atarudi lini. Alipoinua macho, alisimama. Inspekta hakungoja aulizwe. Alisimama mahali pale pale alipokuwa amesimama siku ile.

"Nilimkamata mtu huyu mbele yenu," alisema, na hakupunguza sauti. "Nilikosea. Mwizi amepatikana, na aliyenisaidia kumpata ni huyu. Nyote mliomsema vibaya, nilikuwa wa kwanza wenu. Nisamehe, fundi. Nisamehe, mama."

Mke wa fundi aliangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamshika mumewe mashavu, akayafinya kuhakikisha ni yeye. Mteja mmoja alipiga makofi, wa pili akadakia, na muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akashangilia bila kujua kisa.

Makelele yalipotulia, fundi aliingia kibandani, akapangusa vumbi la siku tano kwenye meza, akafungua daftari lake la waranti ukurasa mpya.

"Afande, ile kompyuta ni kazi yangu, hata kama imekuwa kielelezo. Siku kumi na nne. Feni haimo kwenye waranti. Jina la mteja?"

Inspekta alilitaja jina lake kamili.

"Na namba?"

Aliitaja tarakimu kwa tarakimu. Fundi aliandika bila haraka, kisha akatoa simu aliyorudishiwa nusu saa iliyopita, akabonyeza. Mfukoni mwa sare ya Inspekta simu ikaanza kulia.

"Nahakikisha tu, mama," alisema fundi. "Siku hizi watu wanaandika za uongo."